Johnny Gimble
John Paul "Johnny" Gimble (30 Mei 1926 – 9 Mei 2015) alikuwa mpiga fidla wa muziki wa kantri kutoka jimbo la Texas, Marekani. Alipiga pia mandolini na banjo.

Alizaliwa karibu na mji wa Tyler, akaanza muziki angali kijana pamoja na ndugu zake. Mwaka 1949 alijiunga na bendi ya Bob Wills, Texas Playboys, iliyovuma kwa western swing, yaani kantri iliyochanganywa na jazi ili watu wacheze dansi. Humo alipiga fidla na mandolini ya umeme. Fidla yake ilikuwa na nyuzi tano badala ya nne za kawaida. Uzi wa ziada ulimpa sauti nzito ambazo fidla nyingine hazifikii.

Hata hivyo, ustadi huo haukutosha kumlisha. Muziki wa roki na televisheni vilipowapunguza watu kwenye kumbi za dansi, alifanya kazi ya kinyozi mjini Waco kwa miaka kadhaa. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 42, alihamia Nashville na kuwa mwanamuziki wa studio. Muda si mrefu Merle Haggard alimwita kurekodi albamu ya kumuenzi Bob Wills (1970). Baadaye alifanya ziara na Willie Nelson, na katika filamu Honkytonk Man (1982) aliigiza kama Bob Wills mwenyewe.

Chama cha Muziki wa Kantri (CMA) kilimtangaza mpiga ala bora wa mwaka mara tano. Aliingizwa katika Country Music Hall of Fame mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufariki.