Sheria za Utoaji Mimba Afrika Mashariki na Haki ya Mgonjwa Kutibiwa

Sheria za utoaji mimba za Tanzania, Kenya na Uganda zina chimbuko moja. Kanuni za Adhabu za nchi hizo ziliandikwa enzi za utawala wa Mwingereza, zikifuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Ndiyo maana adhabu za Tanzania na Kenya zinalingana hadi leo: kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kusudi hilo. Uingereza yenyewe ililegeza masharti yake mwaka 1967.

Maneno ya kuzingatiwa hapo ni “kinyume cha sheria”. Nchini Tanzania makosa hayo yamo katika vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Hata hivyo, kifungu cha 230 kinamwondolea dhima ya jinai anayefanya upasuaji kwa nia njema na ujuzi unaostahili ili kuokoa maisha ya mama. Sheria haiorodheshi magonjwa wala haitaji ubakaji. Mzigo wa kuamua unamwangukia tabibu, na tabibu mwenye shaka huchelewa.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Ibara ya 26(4) ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza utoaji mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya mwenye mafunzo, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Adhabu za zamani hazikufutwa. Miongozo ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2012 iliondolewa mwaka uliofuata, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuiondoa kulikiuka sheria. Kwa miaka hiyo yote Katiba iliruhusu jambo ambalo mhudumu hakuwa na mwongozo wa kulitekeleza.

Rwanda iliruhusu mwaka 2012 kwa sababu zikiwamo ubakaji, ndoa ya kulazimishwa na zinaa ya maharimu, lakini aliyetendewa hayo alipaswa kwanza kupata uamuzi wa mahakama. Ni wachache walioweza kuupata kabla mimba haijakua. Sheria ya mwaka 2018 iliondoa sharti hilo. Kongo ilipita njia nyingine: Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, inayotaja ubakaji, zinaa ya maharimu na hatari kwa afya ya mama, ilichapishwa katika Gazeti Rasmi Machi 2018, na kwa Katiba ya nchi hiyo mkataba ulioridhiwa huwa juu ya sheria za kawaida. Tanzania iliiridhia mwaka 2007, lakini kwetu mkataba hauna nguvu mahakamani mpaka Bunge liutungie sheria. Kenya iliridhia ikiwa imejitenga na kipengele hicho.

Katika nchi zote hizo, kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika si kosa, hata kama chanzo hakijulikani. Hofu ya kuulizwa maswali huwaweka wengi nyumbani hadi damu inapokwisha mwilini. Kutokwa damu nyingi, homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu mbaya ni dalili za kukimbilia kituo cha afya mara moja. Huko husafishwa kizazi, hupewa dawa na, inapobidi, huongezewa damu. Hupewa pia ushauri wa uzazi wa mpango, kwa kuwa mimba nyingine inaweza kushika ndani ya wiki mbili.

Aliyebakwa anapaswa kufika kituoni ndani ya saa 72 ili apate dawa za kinga dhidi ya VVU. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5 baada ya tukio, na hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema.