Rangi Nyeupe Kwenye Nati: Kumbukumbu za Mafundi wa Safari Rally



Watoto wanaopita gereji yetu hapa Jebel, karibu na mlima uliolipa mtaa huu jina, hutuuliza kwa nini kila nati tukishaikaza tunaipiga mstari mdogo wa rangi nyeupe. Jibu lake ni refu kidogo na linaanzia mbali na Juba. Huku tulikuja baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, kama Wakenya na Waganda wengi waliokuwa na kazi mikononi. Lakini kazi yenyewe tulijifunza kwenye mashindano ya Safari Rally.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 yalibaki Kenya peke yake. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani msimu wa mvua za masika, na hapo ndipo ugumu wake ulipokuwa. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na yakamaliza 7 vilevile! Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na Peugeot 404 yao.

Sisi tulikuwa wadogo wakati huo, lakini jina la Joginder Singh kila mtoto wa gereji alilijua. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na mwaka 1965 alishinda kwa Volvo, ndugu yake Jaswant akiwa ameketi pembeni yake. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kisha akaja Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano: mwaka 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982. Majina haya yameandikwa vitabuni. Ya mafundi waliolala chini ya magari hayo kwenye tope, wengi wao hayakuandikwa popote, na ndiyo sababu ya makala haya.

Gari la Safari lilitengenezwa kwa miezi. Bodi ilivuliwa ikabaki tupu, maungio yakachomelewa upya ili isipasuke. Chini ya injini tulifunga bamba nene la kuilinda na mawe, mbele tukaweka vyuma vya kuzuia wanyama na taa kubwa za usiku. Magari ya miaka ya baadaye yalikuwa na bomba la hewa lililopandishwa mpaka usawa wa paa, ili injini isinywe maji mtoni. Kila waya na kila bomba la breki lilifungwa mara mbili. Na nati zote zilipigwa rangi: mstari mmoja unaoanzia kwenye nati ukaishia kwenye chuma. Nati ikilegea, mstari unakatika, na fundi anauona kwa tochi bila kushika spana.

Mbio zikianza, sisi tulitangulia kwa magari ya huduma yaliyojaa tairi, springi, shokapu na giaboksi nzima. Tulitandika turubai kando ya njia tukangoja. Gari likisimama, kila mtu alikuwa na kona yake. Giaboksi ambayo gereji ya mtaani ingekaa nayo siku mbili, tuliibadilisha kwa dakika ishirini na kitu, ikiwa bado inaunguza mikono. Wanakijiji walikuja na majembe na kamba, wakasukuma magari yaliyozama. (Wengine, tuseme kweli, walimwaga maji barabarani usiku ili wapate wa kumsukuma.)

Mwaka 1990 mbio ziliangukia ndani ya Ramadhani. Dini imempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na baadhi yetu waliitumia. Mzee wetu, fundi mkuu, alifunga. Mvua ilikuwa kubwa mno mwaka ule, na mshindi alikuwa Björn Waldegård kwa Toyota Celica. Gari letu lilikuwa la dereva wa kujitegemea. Lilifika kwetu magharibi ikiingia, tende na chai viko juu ya boneti. Tukabadilisha tai rodi ya kushoto haraka haraka, tukaliachia.

Halikufika mbali. Nati ilifunguka, gurudumu likapinda, gari likaingia mtaroni. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, ila mbio ziliishia hapo. Dereva aliporudi aliuliza ni nani aliyefunga upande ule. Aliyefunga alikuwa mmoja wetu, kijana, na rangi hakuipiga kwa sababu kopo lilikuwa upande wa pili wa gari. Kabla hajafungua mdomo, Mzee alisema, "Ni mimi." Mtu mmoja akasema labda ni njaa ya saumu. Mzee akamjibu kwamba saumu haifungui nati, ni haraka.

Mwaka uliofuata Mzee hakuitwa kazini. Sisi tuliitwa, na tukaenda. Ilipita miaka kabla hatujamwendea dereva yule tukamwambia ukweli, na wakati huo Mzee alikwisharudi kwao Mombasa kutengeneza matatu.

Mbio za dunia ziliondoka Kenya baada ya mwaka 2002. Ziliporudi mwaka 2021, mafundi walikuwa mahali pamoja Naivasha, kwenye mahema yenye sakafu safi, dakika zao zimehesabiwa. Turubai kando ya njia halipo tena.

Hapa Jebel kopo la rangi tumelitundika kwa waya shingoni mwa jeki, ili liende kila upande wa gari. Kijana mpya akija kujifunza, wiki ya kwanza kazi yake ni hiyo tu: kujaribu nati kwa spana, kisha kupiga mstari.