Dawa Zilipowafikisha Uzeeni

Mtu aliyeanza dawa za kufubaza VVU mwaka 2004 akiwa na miaka 45 sasa amevuka 60, na kwa sera ya taifa ni mzee. Watu wa rika hilo wapo Morogoro mjini, na wapo Mgeta na Matombo kwenye miteremko ya Uluguru. Ili kuelewa kwa nini pombe inawasumbua baadhi yao, yafaa tuanze kabla ya dawa.

Pombe ilitangulia ugonjwa. Katika jamii nyingi za wakulima wa Tanzania, pombe ya nafaka ilikuwa shukrani kwa waliosaidia kulima, na ilikuwa sehemu ya ngoma na matambiko. Fedha ziliposhika nafasi ya ujima, upikaji ukawa riziki, hasa kwa wanawake wasio na kipato kingine, na kilabu hakikungoja tena mavuno. Sheria ya Moshi ya 1966 iliweka upikaji wa gongo, pombe kali ya kienyeji, chini ya leseni, lakini gongo iliendelea kupikwa kwa siri.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Wakati huo wazee walionekana kuwa wauguzi wa watoto wao na walezi wa yatima, na wachache waliwafikiria kuwa nao wanaweza kuambukizwa. Tafiti za kitaifa za mwanzo zilipima watu wa miaka 15 hadi 49 tu, hivyo aliyevuka umri huo hakuhesabiwa.

Oktoba 2004 serikali ilianza kutoa dawa bure, na mkoani Morogoro kliniki ya Ifakara ikawa miongoni mwa za kwanza kufikisha tiba hiyo vijijini. Mwaka 2016 ikaamuliwa kwamba kila anayekutwa na VVU aanzishiwe dawa. Watu wakaishi, wakazeeka, na shida mpya ikajitokeza. Mwili wa mzee una maji machache, kwa hiyo kiasi kile kile cha pombe humlevya zaidi. Pombe husahaulisha dozi, huchochea shinikizo la damu, na huliumiza ini, ambalo huenda tayari linaelemewa na isoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu.

Kwa nini basi wanakunywa? Wapo wanaosema ni mazoea ya ujanani, na wengine hutaja msiba, upweke na hofu ya kunyanyapaliwa. Mazoea yanaeleza kwa nini mtu alianza, lakini hayaelezi kwa nini mwingine huzidisha baada ya kufiwa na mwenzi. Majonzi nayo hayatoshi, maana wengi wamefiwa na hawanywi. Maelezo yenye uzito zaidi huunganisha yote mawili: huzuni humkuta mtu mahali ambapo kilabu ni karibu na mshauri yuko mbali.

Hatua za taifa zimegusa pembeni. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hutibu uraibu wa heroini, si wa pombe. Marufuku ya viroba ya Machi 2017 iliondoa vifuko vya pombe kali madukani, lakini haikufika kwenye pipa la kilabuni.

Pengo hilo linaweza kuanza kuzibwa CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU. Kila hudhurio, mhudumu amuulize mzee kuhusu pombe kwa heshima ile ile anayomuulizia presha. Amweleze kwamba siku aliyokunywa asiruke dawa kwa kuogopa mchanganyiko, maana kuruka dozi huwapa virusi nafasi. Na aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla bila uangalizi wa tabibu, kwani anaweza kupata degedege. Tiba iliyompa mtu miaka ishirini ya ziada inapaswa sasa kujifunza kumhudumia katika umri iliomfikisha.