Alama za DNA katika uzalishaji wa mbegu za nyanya

Alama za DNA ni vipande vya chembe za urithi ambavyo, kwa kutofautiana baina ya mmea na mmea, humwezesha mtaalamu wa mbegu kupima ukaribu wa nasaba za nyanya pasipo kungoja zizae. DNA hutolewa katika jani changa, hurudufishwa kwa mashine, kisha vipande vyake husukumwa kwa umeme ndani ya jeli, vifupi vikitangulia na virefu vikichelewa, na mistari itokeayo ndiyo husomwa.

Nyanya, yenye jozi 12 za kromosomu na jenomu iliyochapishwa mwaka 2012, hujichavusha yenyewe, na tangu ilipoanza kulimwa huko Amerika imepoteza sehemu kubwa ya anuwai yake. Kwa hiyo aina zenye matunda yasiyofanana hata kidogo huweza kuwa ndugu wa karibu, jambo ambalo macho, hata ya mjuzi, hayalitambui. Kwa uhaba huo wa anuwai, kinga ya magonjwa hutafutwa kwa jamaa zake wa mwituni, kama vile jeni Ty-1 ya kupambana na virusi vya rasta, ugonjwa wa kujikunja kwa majani, iliyotoka kwa *Solanum chilense*.

Nchini Tanzania kazi ya nyanya imejikita Tengeru, Arusha, zilikotolewa aina za Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997, ilhali Ukiriguru, kituo cha utafiti cha Kanda ya Ziwa, kimejulikana zaidi kwa pamba. Hivyo mkulima wa mabonde ya Shinyanga na Geita, katika kanda hiyo, auzaye kwenye miji ya migodi, hukutana na alama za DNA ndani ya pakiti ya mbegu tu. Dhidi ya kantangaze, nondo aliyeingia nchini mwaka 2014, kinga ingali ikitafutwa katika nyanya-mwitu *Solanum habrochaites* na jamaa zake.