Kifo cha Kisheria Badala ya Talaka: Filamu ya My Favorite Wife (1940) na Suala la Ndoa katika Vichekesho vya Hollywood

Filamu ya My Favorite Wife, iliyotolewa na kampuni ya RKO mwaka 1940, inaanzia mahakamani. Wakili Nick Arden anamwomba jaji atamke kwamba mkewe Ellen, aliyepotea baharini miaka saba iliyopita, ni marehemu. Mara baada ya tamko hilo, jaji huyohuyo anamfungisha Nick ndoa na Bianca. Siku hiyohiyo Ellen anarejea nyumbani akiwa hai. Wahakiki wengi wameichukulia sadfa hiyo kuwa hila ya kuchekesha tu. Insha hii inadai kwamba kifo cha kudhaniwa kilikuwa na kazi kubwa zaidi: kilichukua nafasi ya talaka, na kwa njia hiyo kiliwawezesha watunzi kuhoji ndoa bila kuwatia wanandoa hatiani.

Kisa chenyewe ni cha kale kuliko sinema. Mwaka 1864 Alfred Tennyson alichapisha utenzi wa Enoch Arden, unaomhusu baharia anayerudi baada ya miaka mingi na kumkuta mkewe ameolewa na rafiki yao wa utotoni. Baharia huyo anajificha mpaka kufa ili asiivunje nyumba mpya. D. W. Griffith aliutengenezea filamu mwaka 1911, na nchini Marekani jina la Enoch Arden likaja kutumiwa kuzitaja sheria zinazohusu wenzi waliopotea. Muda wa miaka saba nao una asili yake. Sheria ya Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 17, enzi ya Mfalme James I, iliyofanya kuoa au kuolewa tena ilhali mwenzi yu hai kuwa kosa kubwa la jinai, haikumhusisha yule ambaye mwenzi wake alikuwa ametoweka kwa miaka saba. Kipimo hicho kilienea baadaye katika majimbo mengi ya Marekani. Kwa hiyo, watunzi wa filamu hii walipolichagua jina la Arden na idadi hiyo ya miaka, walikuwa wakirejelea mapokeo ya fasihi na ya sheria kwa pamoja.

Hata hivyo, mapokeo hayo yamepinduliwa. Arden wa Tennyson anajitoa mhanga kwa kunyamaza. Arden wa 1940 ni mwanamke, naye anakuja kudai haki yake. Ellen anawafuata maharusi hadi hotelini, kisha anaingia katika nyumba ambamo watoto wake wawili hawamtambui. Huzuni ya utenzi inageuka kichekesho kwa sababu aliyetangazwa kufa anakataa kubaki kaburini.

Mazingira ya udhibiti yanaeleza kwa nini mgeuzo huo ulifaa. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizopitishwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali na ofisi ya Joseph Breen kuanzia 1934, ziliagiza kwamba heshima ya ndoa na ya nyumba ilindwe. Uzinzi haukuruhusiwa kupambwa. Katika filamu ya The Awful Truth ya 1937, iliyoongozwa na Leo McCarey, Irene Dunne na Cary Grant waliigiza wanandoa wanaotalikiana kwa hiari kisha wakarudiana. Miaka mitatu baadaye, McCarey akiwa mtayarishaji na Garson Kanin akiongoza, waigizaji haohao walirudi katika kisa ambamo hakuna aliyetaka kuachana. Nick ana wake wawili, lakini hakukusudia kosa lolote. Ellen ameishi kisiwani miaka saba pamoja na Steve Burkett, lakini aliyewafikisha huko ni bahari. Sheria imewapa wote usafi ambao talaka isingewapa.

Hapa ndipo inapoonekana tofauti kati ya filamu hii na zile zilizochunguzwa na Stanley Cavell katika kitabu chake cha 1981 kuhusu vichekesho vya kuoana upya. Kati ya filamu saba alizozichambua, hii haimo. Katika nyingi ya hizo, wanandoa hurudiana baada ya kutambua makosa yao. Hapa hakuna kosa la kukiri, hivyo mgogoro unahamia kwenye shaka. Nick anataka kujua yaliyotendeka kisiwani, na Ellen anamleta muuza viatu mnyonge ajifanye Burkett. Shaka hiyo haiwezi kuondolewa na jaji yeyote. Mahakama inaweza kutamka nani amekufa na nani yu hai, lakini haiwezi kumlazimisha mume kumwamini mkewe.

Hoja inayoweza kutolewa dhidi ya maelezo haya ni kwamba usafi huo una gharama. Bianca ameolewa kihalali asubuhi, kisha ndoa yake inabatilishwa na jaji aliyeifungisha. Filamu humfanya awe mtu wa kuchekwa, ingawa kosa lake pekee ni kuliamini tamko la mahakama. Filamu ya Too Many Husbands, ya mwaka huohuo, iliyotokana na tamthilia ya Somerset Maugham ya 1919, inaipunguza gharama hiyo: mke mwenye waume wawili anafurahia kugombewa, na hata baada ya hukumu hakuna anayetengwa kabisa. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba kufukuzwa kwa Bianca hakukuwa sharti la kisa, bali uamuzi wa watunzi.

Kwa kuhitimisha, kifo cha kudhaniwa kiliiwezesha Hollywood kuuliza swali lililozuiwa: ni nini kinachoifanya ndoa iwe ndoa, hati au mapenzi? Jibu la filamu ni la pande mbili. Hati ndiyo inayomrudisha Ellen katika nafasi yake ya kisheria. Lakini Nick anarudi kwake baadaye, kwa hiari, katika nyumba ya mlimani, mbali na jaji. Anayebaki bila jibu ni Bianca, aliyekuwa na hati pekee.