Kicheko cha Lafudhi: Mawazo kutoka Nyamirambo

Mwulize mkazi wa makamo wa Nyamirambo ni mchezo gani wa kuchekesha aliokuwa akiupenda zamani, nawe aghalabu utajua alikokulia. Rwanda ilipata televisheni yake mwaka 1992, kwa hiyo mapenzi ya michezo ya Kiswahili ya miaka ya nyuma yalianzia nje ya mipaka, na mengi yakaingia mjini pamoja na watu waliorejea kutoka nchi jirani baada ya mwaka 1994.

Aliyelelewa Kenya atakutajia Vitimbi, na wale mume na mke, Mzee Ojwang na Mama Kayai. Au atakutajia Vioja Mahakamani. Aliyelelewa Tanzania Bara, ambako televisheni haikuwako hadi mwaka 1994, atawakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania: alicheka kwa sikio kabla ya kucheka kwa jicho. Naye wa Lubumbashi atakusimulia kundi la Mufwankolo, ambalo mwaka 1986 liliigiza kwa ajili ya televisheni mchezo uliojengwa juu ya usemi kwamba madaraka huliwa yote, hayagawanywi.

Mimi naipenda zaidi Vitimbi, na ni haki nieleze sababu. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Mzee Ojwang wake alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Wapo walioona kwamba huko ni kudhihaki kabila la watu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, tukitazama vizuri tutaona kwamba lafudhi ile ilikuwa vazi tu. Kilichotuchekesha hasa ni majivuno ya mzee anayetaka kuwa bwana wa kila jambo na mkewe asiyekubali kudanganywa. Mwondolee Ojwang lafudhi yake, kichekesho kitapungua lakini hakitakufa. Vioja Mahakamani nao ulitumia hila nyingine: Kiswahili rasmi cha mahakama kukutana na Kiswahili cha mshtakiwa wa mtaani. Mwalimu asiyeona somo la mitindo ya lugha hapo, haangalii.

Kwa nini jambo hili liwe zito kwetu? Kwa sababu Nyamirambo inajua maana ya kuchekwa. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 chini ya Wajerumani. Wafanyabiashara na askari waliosema Kiswahili walikuja pamoja na utawala huo, na Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Chini ya Wabelgiji, Waislamu walitengwa katika kambi yao ya Biryogo. Tangu hapo neno “Umuswahili” katika Kinyarwanda likabeba tusi: mtu wa maneno mengi, mjanja asiyeaminika. Lugha yenyewe ikawa kichekesho kabla haijawa somo.

Leo gurudumu limegeuka. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na sasa anayechekwa ni mwanafunzi. Kinyarwanda hakitofautishi sauti za l na r kama tufanyavyo sisi. Basi mtoto husema “nataka kura” akiwa na njaa, na wenzake humwuliza anagombea kiti gani. Kichekesho hicho ni kizuri, nami nimekicheka. Lakini mtoto anayechekwa hivyo mara tatu, mara ya nne hanyoshi mkono.

Tofauti kati ya Ojwang na mtoto huyu ni hii: Ojwang hunyamazishwa na mkewe, hanyamazishwi na lafudhi yake. Hukosea matamshi, kisha huendelea kusema, na mchezo mzima humsubiri aseme tena. Hicho ndicho kipimo ninachowapendekezea walimu wenzangu mnapochagua michezo ya kuonyesha darasani. Msiulize tu kama Kiswahili chake ni sanifu. Ulizeni: anayekosea, je, anaachiwa aendelee kusema? Ikiwa anaachiwa, chekeni pamoja na wanafunzi wenu, kisha sahihisheni. Ikiwa kicheko kinamfunga mdomo, huo si mzaha tena, ni lile tusi la zamani limevaa nguo mpya.