Chelezo, nakala rudufu na kurejesha: lugha ya kufufua seva ya chelezo

Chelezo (nm. ki-/vi-, wingi: vyelezo). Katika taaluma ya kompyuta: data iliyonakiliwa na kuwekwa mahali tofauti na ile ya asili ili irejeshwe pindi ya asili ikipotea au kuharibika. Visawe: *nakala rudufu*, *nakala ya akiba*.

Asili na umbo

Maana kongwe ya *chelezo* ni ya baharini: kitu kinachoelea, kama vile boya. Neno limetokana na kitenzi *-elea*, yaani kukaa juu ya maji bila kuzama, kupitia umbo lake la kusababisha, *-eleza*. Kiambishi *ki-* kikikutana na irabu hugeuka *ch-*, kama ilivyo katika *chakula* na *chombo*. *Kielezo*, kinachotokana na *-eleza* ya kufafanua, hakikupitia mabadiliko hayo. Maneno hayo mawili yasichanganywe. Kwa mtumiaji wa kompyuta taswira iko wazi: chombo kikizama, chelezo hubaki juu.

Kwa kuwa neno limo katika ngeli ya ki-/vi-, upatanisho wake sanifu ni *chelezo hiki kimekamilika, vyelezo hivi vimekamilika*. Hata hivyo, tafsiri nyingi za programu za simu huliweka katika ngeli ya i-/zi- (*chelezo hii, chelezo zako*). Matumizi hayo yameenea na yanaeleweka, lakini mfasiri achague ngeli moja na kuifuata hadi mwisho wa matini. Katika kitenzi *-cheleza*, *ch-* ni sehemu ya mzizi. Anayekikwepa anaweza kusema *kuhifadhi chelezo* au *kufanya nakala rudufu*.

*Rudufu* ina undugu wa kimaana na *maradufu*, na walimu wengi walilifahamu katika kurudufu karatasi za mitihani kabla ya kulikuta kwenye kompyuta. Neno *nakala* peke yake halitoshi. Faili lililonakiliwa na kuachwa katika diski ile ile ni nakala, lakini si chelezo. Diski ikifa, yote mawili hufa pamoja.

Seva ya chelezo, seva ya akiba, chelezo cha seva

Kiunganishi cha *-a* hubeba mahusiano mengi, na hapa ndipo matini za kiufundi zinapoanza kupotosha. *Seva ya chelezo* ni mashine inayoendesha kazi ya kukusanya na kutunza vyelezo vya mashine nyingine. *Seva ya akiba* ni mashine inayosubiri kushika nafasi ya ile kuu ikianguka. *Chelezo cha seva* ni data iliyonakiliwa kutoka katika seva fulani. Mtu akiripoti kwamba seva ya chelezo imeanguka huku akikusudia seva ya akiba, fundi atatafuta tatizo mahali pasipo na tatizo.

Kuanguka kwa seva ya chelezo yenyewe ni hali ya pekee. Vyelezo huwa salama kwenye diski, lakini kinachojua ni kipi kiko wapi hakipo tena. Ni kama maktaba ambayo vitabu vyake vyote viko rafuni ila katalogi imeungua.

Kurejesha, kurudisha, kuokoa, kufufua

Vitenzi hivi hutumiwa kana kwamba vinabadilishana nafasi. Katika matini ya kiufundi vina mipaka:

- *-rejesha*: kuitoa data katika chelezo na kuiweka tena mahali pa kutumika. *Katalogi imerejeshwa.*
- *-rudisha*: kukipeleka kitu kwa mwenyewe au kilikotoka. *Rudisha diski kabatini.*
- *-okoa*: kunusuru data katika chombo kilichoharibika, pasipo chelezo. *Fundi aliokoa sehemu ya mafaili.*
- *-fufua*: kuifanya mashine iliyoanguka itende kazi tena. *Seva imefufuliwa.*

Hivyo, seva hufufuliwa, data hurejeshwa, na kilichokosa chelezo huokolewa kikiwezekana.

Tahadhari: «kwenye» haina mwelekeo

Tazama sentensi hii, ambayo mfasiri mzuri anaweza kuiandika bila kushtuka:

*Rejesha mafaili kwenye diski.*

Inasomeka kwa namna mbili. Ya kwanza: yachukue mafaili yaliyo kwenye diski, uyarejeshe katika seva. Ya pili: yachukue mafaili, uyaweke kwenye diski. Kiswahili huacha mwelekeo ubebwe na kitenzi, wala si na *kwenye*, *katika* au kiambishi *-ni*. Tunatoa pesa *benki* na tunaweka pesa *benki*. Mahali ni pale pale, na *toa* na *weka* ndivyo vinavyotofautisha. *Rejesha* haina nguvu hiyo ya kutosha inapofuatwa na mahali pamoja tu.

Katika mazungumzo ya kawaida muktadha huondoa utata. Mbele ya seva iliyoanguka, fundi aliyechoka anayefuata usomaji wa pili anaweza kuandika data tupu juu ya chelezo pekee kilichobaki. Kosa hilo halina tendo la kulitengua. Kwa hiyo kanuni ni moja: *taja chanzo na kikomo, kila mara.*

*Rejesha mafaili kutoka kwenye diski ya chelezo hadi kwenye seva mpya.*

Kutokujua uko upande upi si hatari ya kinadharia. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alikusudia kufuta data katika seva ya pili ya hifadhidata. Amri ikatekelezwa katika seva kuu. Takriban GB 300 zilianza kufutika, na kufikia wakati aliposimamisha amri zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Walipoviendea vyelezo vyao vya kawaida, waligundua kwamba havikuwa vikifanyika: toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuarifu hitilafu hiyo zilikuwa hazifiki. Kilichowanusuru ni taswira ya diski iliyochukuliwa takriban saa 6 kabla ya tukio. Data iliyoingia ndani ya saa hizo ilipotea. Majina ya seva zile mbili yalitofautiana kwa tarakimu moja.

Mfano wa kazi: Bacula

Bacula ni programu huria ya chelezo iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000 na kutolewa kwa umma mwaka 2002. Ina sehemu inayoratibu kazi, sehemu inayotunza hifadhi, sehemu inayokaa katika kila kompyuta inayochelezwa, na katalogi, ambayo ni hifadhidata inayoeleza ni faili gani limo katika chelezo kipi.

Kila chombo cha hifadhi katika Bacula huitwa kwa Kiingereza kwa neno lile lile linalotaja sauti ya redio, ukubwa wa chombo na sehemu ya kitabu. Hapa *sauti* ni kosa, na *ujazo* ni kosa la karibu zaidi kwa sababu linaonekana kufaa. *Juzuu* ndilo linalobeba maana: sehemu moja, yenye jina lake, ya mkusanyiko mkubwa. Juzuu ikihifadhiwa kwenye diski huwa faili la kawaida.

Jambo linaloiwezesha seva kufufuka ni kwamba juzuu haibebi data pekee, bali pia maelezo ya kazi na ya mafaili yaliyomo. Katalogi ikipotea, inaweza kujengwa upya kwa kuzisoma juzuu zenyewe. Bacula ina programu tatu ndogo kwa ajili hiyo: *bls* huorodhesha yaliyomo katika juzuu; *bextract* huyatoa mafaili moja kwa moja pasipo katalogi wala mratibu; *bscan* huzisoma juzuu na kuziandika upya kumbukumbu zake katika katalogi.

Maelekezo yafuatayo ni mfano wa namna ya kuyaandika mambo haya bila utata:

1. Zuia kazi zote za ratiba katika seva mpya, ili yoyote isianze kuandika kabla urejeshaji haujakamilika.
2. Nafasi ikiruhusu, nakili juzuu kutoka kwenye diski ya chelezo hadi kwenye diski nyingine, kisha ufanye kazi kwa nakala hizo.
3. Sakinisha mfumo endeshi, hifadhidata na, ikiwezekana, toleo lile lile la programu ya chelezo lililokuwapo.
4. Rejesha mafaili ya mipangilio kutoka mahali pa nje yalikotunzwa hadi kwenye seva mpya. Programu ndogo tatu huyahitaji ili kukijua chombo cha hifadhi.
5. Orodhesha yaliyomo katika juzuu kwa *bls*, na uthibitishe kuwa zinasomeka.
6. Kama katalogi ilikuwa na chelezo chake, kitoe katika juzuu kwa *bextract* na ukipakie katika hifadhidata. Kama hakikuwapo, unda hifadhidata tupu na uijaze kwa *bscan*. Njia hii ya pili hulazimu kuzisoma juzuu zote, kwa hiyo ni ya polepole.
7. Rejesha faili moja kutoka katika juzuu hadi kwenye folda ya muda, si mahali pake pa asili. Lifungue na ulikague.
8. Ruhusu ratiba ianze tena baada ya hatua ya 7 kufaulu.

Zingatia vitenzi. *Nakili*, *rejesha* na *toa* vimetajiwa chanzo. *Nakili*, *rejesha* na *pakia* vimetajiwa kikomo. Katika hatua ya 7 kikomo kisicho sahihi kimetajwa na kukataliwa, kwa kuwa hapo ndipo mazoea humpeleka mtu. Katika hatua ya 6, *katalogi* na *chelezo chake* vimetenganishwa, na viambishi *ki-* katika *hakikuwapo* na *kitoe* humwonyesha msomaji kwamba kinachozungumziwa ni chelezo. Mwandishi anayeweka *chelezo* katika ngeli ya i-/zi- hupoteza msaada huo, kwa kuwa *katalogi* nayo ni ya ngeli hiyo. Ataandika *kama haikuwapo*, na msomaji atabaki akijiuliza ni ipi.

Kwa ufupi

- *Chelezo hiki, vyelezo hivi* ndio upatanisho sanifu, na pia huondoa utata.
- *Seva ya chelezo* hutunza, *seva ya akiba* husubiri.
- *Fufua* seva, *rejesha* data, *okoa* kisicho na chelezo, *rudisha* chombo.
- *Juzuu*, si *ujazo* wala *sauti*.
- *Kutoka kwenye … hadi kwenye …*: usiandike nusu yake.